Na Baba Mkwe Hadi Montarroyo

Ninyi wenzangu wa wodi ya wazazi, ninyi wa kwaya, na majirani wa Bulyaga hapa Tukuyu ambao siku hizi siwezi kutoka kununua mkate bila kusimamishwa mara tatu: nawaandikia wote kwa pamoja, nisimulie mara moja nipumzike. Kila nikianza kusimulia kwa mdomo mtu ananikata, anauliza kama niliingia uwanja wa mpira. Sikuingia uwanja wa mpira. Nilikwenda Hispania na baba mkwe wangu, na aliyewahi kusafiri na mkwe wake hata hadi Mbeya tu ameshaelewa nusu ya habari.

Kwa wasiojua mambo ya nyumbani kwangu, mume wangu Lusajo ana mdogo wake mmoja, Gwakisa. Gwakisa aliondoka miaka kumi na minne iliyopita, akazungukazunguka, akaishia kwenye mji mdogo wa zamani juu ya kilima huko kusini mwa Hispania, unaitwa Montarroyo. Anafanya kazi kwenye mashamba ya mizeituni na ameoa hukohuko, mke wake anaitwa Inés. Mama yao alipofariki, miaka saba sasa, Gwakisa hakuja kuzika. Mnajua msiba ulivyo kwa Wanyakyusa. Baba mkwe hakumsema vibaya hata siku moja, ila tangu hapo hakuongea naye tena. Simu ikiletwa alisema, "Mpeni salamu," akatoka nje kuangalia ng'ombe.

Mwaka huu, bila mtu kumwuliza, akatangaza kwamba anataka kwenda huko kwa Gwakisa. Hakusema anakwenda kufanya nini. Wengine wakasema anakwenda kumrudisha, wengine wakasema anakwenda kumkana. Lusajo ndiye alikuwa amsindikize. Akaanguka na bodaboda, mguu ukavunjika sehemu mbili, ikabidi niende mimi. Mambo ya viza na tiketi nayaruka, nikiyaandika presha itapanda.

Sasa, mimi ni mtu wa Singida. Nilipoolewa, shangazi wa Lusajo alinikalisha chini akanieleza mambo ya mkamwana na baba mkwe wake: usimtazame usoni, usikae naye kiti kimoja, usile mbele yake, mkikutana njiani ingia pembeni apite, na jina lake usilitaje kamwe. Najua siku hizi wengi wameacha. Nyumba yetu haikuacha. Kwa miaka kumi na sita nimempelekea chakula kijijini kwake Suma kila mwisho wa wiki, naweka mlangoni, nasema hodi kwa sauti ya chini, naondoka. Alipolazwa kwetu hospitalini nilimwomba mwenzangu amwandikishe, kwa sababu mimi nisingeweza kulisema jina lake dirishani. Mtu huyo ndiye niliyepangiwa kukaa naye kiti kwa kiti hadi Ulaya.

Suma hadi Songwe

Tuliondoka Jumanne alfajiri kwa gari la kukodi. Baba alikaa mbele na dereva, mimi nyuma na mizigo. Mizigo yenyewe ilikuwa na vichana vitatu vya ndizi mbichi, parachichi ishirini, magimbi nusu ya kiroba na majani ya chai ya hapahapa Rungwe. Nilikuwa nimeshaambiwa kwamba vyakula vingine Ulaya haviingii. Nikamwambia dereva amwambie baba kwamba magimbi yatachukuliwa. Dereva, ambaye alikuwa bega kwa bega na baba, akageuza shingo kidogo akarudia maneno yangu yaleyale. Baba akamjibu dereva kwamba yakichukuliwa yatakuwa yameliwa na mtu, kwa hiyo hakuna hasara. Dereva akanigeukia kunipa jibu ambalo nilikuwa nimelisikia lote. Tukaenda hivyo hadi Mbeya.

Uwanja wa ndege wa Songwe ulikuwa na ukungu. Tulikaa kwenye viti vya chuma tangu saa mbili asubuhi. Kama saa nne hivi tuliisikia ndege kabisa, ikizunguka juu ya ukungu kama inatafuta pa kukanyaga, halafu sauti ikapungua, ikapotea. Ikatangazwa kwamba imerudi ilikotoka. Baba alikuwa amevaa suti yake nyeusi na shati jeupe lililofungwa kifungo hadi shingoni, lile analovaa akisoma neno kanisani. Hakulegeza hata kifungo kimoja kutwa nzima. Saa kumi tukaambiwa njooni kesho. Tukalala Mbeya, kila mtu chumba chake, na magimbi kwangu.

Kwa hiyo safari yote ikasogea siku moja mbele. Badala ya kufika Montarroyo Alhamisi tungefika Ijumaa Kuu. Nilimtumia Gwakisa ujumbe. Akajibu kwamba Ijumaa atakuwa chini ya Mama, hataweza kutupokea, tumsamehe. Nilisoma ujumbe ule mara nne. Chini ya mama gani?

Dar hadi Addis, Addis hadi Madrid

Kwenye ndege kubwa tulipewa viti viwili vilivyogusana. Baba alikitazama kiti chake, akatazama changu, akabaki amesimama katikati ya njia, watu wamejazana nyuma yake. Nikamwomba kijana mmoja mfanyabiashara abadilishane nami. Akakubali, lakini kiti chake kilikuwa safu mbili nyuma, na hapo ndipo nilipojitafutia adha. Baba hajui Kiingereza na hajui mkanda wa ndege. Mhudumu alimwuliza jambo, yeye akaitikia kwa kichwa. Akamwuliza jingine, akaitikia tena. Kwa kuitikia hivyo alipewa glasi mbili za juisi ya nyanya na blanketi tatu. Mimi nikawa nainuka, namnong'oneza yule kijana, kijana anamnong'oneza baba. Baada ya saa moja kijana akafunika uso na kofia, akajifanya amelala.

Addis tulikaa saa tisa. Kuna mama mmoja wa Kihabeshi, muuza kahawa, aliniuliza kwa Kiingereza kwa nini nimekaa nimempa mgongo mzee wangu. Nikamweleza. Akatikisa kichwa, akachukua kikombe, akakipeleka mwenyewe kwa baba kule nguzoni alikokaa. Aliporudi akaniambia kwamba mzee ameuliza kama nami nimekunywa. Aliuliza kwa lugha gani hata leo sijui, lakini nilikunywa.

Madrid

Madrid ndipo mila yetu ilipotuweka ndani. Naliandika hili kwa utaratibu, maana kuna watu wameanza kusema kwamba tulikamatwa.

Tulifika dirishani pamoja. Afisa, kijana mwenye ndevu, alichukua hati zote mbili akaniuliza huyu mzee ni nani wangu. Nikasema ni baba wa mume wangu. Akasema vizuri, anaitwa nani? Nikamwonyesha hati. Akasema hati anaiona, anataka kusikia kutoka kwangu. Nikanyamaza. Baba alikuwa hatua moja nyuma yangu, na jina lile halikuwahi kutoka kinywani mwangu. Nikanyoosha tena kidole kwenye hati. Afisa akaacha kutabasamu. Akamwuliza baba, kwa ishara, mimi ni nani. Baba, ambaye hawezi kunitazama, akatazama taa za juu.

Hebu mjiweke mahali pa yule afisa. Mwanamke hajui jina la mzee anayesafiri naye. Mzee hataki hata kumtazama mwanamke. Wamebeba ndizi mbichi.

Tukapelekwa chumba cha pembeni. Hawakutufanyia ubaya, walitupa maji na viti, ila walituweka muda wa saa mbili na nusu. Mwishowe wakampata mkalimani wa Kiswahili kwa simu, wakaweka spika. Kiswahili cha mkalimani kilikuwa cha Kongo. Aliniuliza, "Mama, huyu papa jina lake ni nani?" nami nikamweleza habari ya mkamwana tangu mwanzo, shangazi na yote. Akaniambia kwamba yeye ameelewa, ila hajui atawaambiaje hawa wazungu.

Baba alikuwa amesikia kila neno. Akakohoa. Halafu akageuza kiti chake, akanitazama usoni, na mimi kwa mara ya kwanza nikaona kwamba macho ya Lusajo yametoka kwake.

"Mkamwana," akasema, "litaje. Nimekuruhusu."

Nikalitaja. Ambakisye. Lilitoka kwa sauti ndogo, nikajisikia kama mtu aliyetukana kanisani. Afisa akaandika, akagonga muhuri, akatutakia Pasaka njema.

Kumbe balaa lilikuwa bado. Kwenye ukaguzi wa mizigo walichukua parachichi zote na magimbi yote, wakaziacha ndizi. Nikauliza kwa nini ndizi ziingie na parachichi zisiingie. Mama wa ukaguzi akanionyesha karatasi ambapo ndizi zimetajwa kuwa zinaruhusiwa. Baba alitaka nimwulize kama parachichi zetu atazila yeye mwenyewe au atazitupa. Yule mama akasema zinatupwa. Hilo lilimuuma baba kuliko chumba cha saa mbili na nusu. Na ili mjue hasira yangu, duka la kwanza tuliloingia kununua maji lilikuwa na parachichi, mbilimbili kwenye wavu, ngumu kama mawe.

Basi la kusini

Basi letu lilikuwa limeshaondoka. Tukapata la usiku, likatufikisha asubuhi kwenye mji wa mkoa, ambako tulisubiri jingine dogo. Kwa kuwa ni Ijumaa Kuu, mabasi yalikuwa mawili tu kwa siku nzima, na mwenye ofisi ya tiketi alikuwa ameandika kwenye karatasi kwamba anarudi hivi punde. Alirudi baada ya saa moja na nusu, akinukia vitunguu saumu.

Kwenye basi lile dogo tulikaa kiti kimoja. Hakukuwa na mjadala, jambo lilikuwa limekwisha Madrid. Nilidhani tutakaa kimya. Hapana. Kumbe mzee huyu alikuwa na maneno ya miaka kumi na sita, na aliyatoa yote. Alinieleza kwamba mizeituni ile imepandwa kwa mistari mizuri kama chai lakini wenyewe hawajui kupogoa. Kwamba udongo ni mwekundu, hauna nguvu, huku mtu hawezi kuotesha hata ndizi. Halafu akasema, kwa upole kabisa, kwamba maharage ninayompelekea Suma yana chumvi nyingi.

Nikamwuliza, kwa nini hukusema, Baba?

"Ningesemaje?" akajibu. "Nilikuwa nampa paka nusu."

Nilitazama nje hadi tulipofika. Miaka kumi na sita nampikia paka.

Ila kuna jambo moja alilolisema ambalo nililishika. Nilimwuliza, kwa kuwa sasa tunaongea, anakwenda kumwambia nini Gwakisa. Nikamwambia wazi kwamba kama ni kumkana, basi angenipa taarifa mapema, nisije nikakaa mezani kwa watu nikicheka. Baba akanyoosha mikunjo ya suruali. Akasema, "Nina mzigo wake." Nikaangalia juu kwenye mizigo. Zilikuwepo ndizi na chai tu.

Kupanda Montarroyo

Mji ule unauona ukiwa mbali sana. Nyumba nyeupe zimepandana juu ya jabali, na kanisa liko juu kabisa. Dereva wa teksi alitushusha chini kwenye lango la zamani la mawe, akafanya ishara ya mikono kwamba barabara zote zimefungwa kwa maandamano ya Ijumaa Kuu. Kutoka pale ni ngazi. Nilihesabu hadi mia moja na arobaini, nikaacha, kwa sababu pumzi ya kuhesabia sikuwa nayo. Mimi ni mtu wa tambarare. Baba ana miaka sabini na nane na amepanda vilima tangu kuzaliwa, akapanda na vichana viwili vya ndizi begani kama anakwenda gengeni, akawa ananisubiri kwenye kila kona.

Kwenye kona moja tukakuta watu waliovaa kanzu za zambarau, na vichwani vitu virefu vilivyochongoka vinavyofunika uso wote, vimeachwa matundu mawili tu ya macho. Walikuwa wengi, safu mbili, wamekamata mishumaa mirefu, hawasemi neno. Baba alinivuta nyuma yake. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama hawa ni wachawi au ni polisi. Nilimwambia sijui. Nilikuwa nimesoma kidogo kwamba wakati wa Pasaka wana mila zao, lakini kusoma ni kusoma, na kuona macho ya watu kwenye matundu ni habari nyingine.

Nikajipa moyo, nikamwendea mmoja nikamwonyesha karatasi yenye anwani ya Gwakisa. Akaitazama. Hakujibu. Nikauliza kwa Kiingereza. Kimya. Nikamwuliza wa pili, kimya. Wa tatu akaninyooshea mshumaa kuelekea juu, nta ikanidondokea mkononi. Baadaye nilielezwa kwamba waandamanaji wale huwa wamejiwekea nadhiri ya kutosema neno hadi warudi kanisani. Nadhiri ni nzuri, siipingi, lakini kwa mgeni aliyetoka Tukuyu na ana siku tatu hajaoga, inakera sana.

Aliyetusaidia ni bibi mmoja mfupi aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha kukunja mlangoni kwake. Nilitumia simu, ile ya kutafsiri. Niliandika kwamba huyu ni baba, anamtafuta mwanawe Gwakisa. Bibi akasoma, akamtazama baba na ile suti nyeusi na shati lililofungwa hadi shingoni, akainuka haraka, akamshika baba mkono akaubusu. Baba akaurudisha mkono wake kama umeungua. Bibi akaanza kupiga kelele kwa watu: padre, padre. Kwa Kihispania, kumbe, baba mzazi na baba wa kanisa ni neno hilohilo moja. Walidhani ni padri ametoka Afrika.

Nilijaribu kueleza. Nani anasikiliza? Umati ulifunguka, watu wanavua kofia, mwingine analeta mtoto abarikiwe. Baba, mzee wa kanisa Mprotestanti tangu ujana wake, aliniuliza watu hawa wana nini. Nikamwambia wanatupa njia, twende tu. Baba alimshika yule mtoto kichwa, kwa sababu mama yake alikuwa ameshamsogeza kabisa na ingekuwa aibu kutomshika.

Hivyo ndivyo tulivyofika mbele, kwenye uwanja mdogo. Na hapo nikaelewa ujumbe wa Gwakisa. Kulikuwa na jukwaa kubwa la mbao na fedha, limejaa mishumaa na maua meupe, na juu yake sanamu ya Bikira Maria amevaa joho jeusi refu, machozi mashavuni. Jukwaa lilikuwa limetua limepumzika. Pande zote limening'inizwa kitambaa kizito hadi karibu na ardhi. Chini ya kitambaa mlikuwa na wanaume, thelathini na zaidi, wanaobeba kitu chote kile kwa shingo zao. Huwaoni. Unaona miguu tu.

Baba alisimama akaangalia sanamu kwa muda, uso umekaza. Najua alichokuwa anafikiri, kwa sababu baadaye aliniambia alikwishasikia fununu kwamba mwanawe anabeba masanamu, na ilimkera. Halafu akaangalia chini. Akaanza kutembea polepole pembeni ya jukwaa, ameinama, anapita jozi moja ya miguu baada ya nyingine, kama anakagua ndama mnadani. Msimamizi mwenye suti, yule anayewaamuru wabebaji, alitaka kumzuia, bibi wa kiti, ambaye alikuwa ametufuata, akamwambia neno, akamwacha. Karibu na mwisho baba akasimama. Ilikuwa miguu yenye viatu vya kitambaa vilivyochakaa, na kisigino cha kulia kimekanyaga kwa upande, kama Lusajo, kama baba mwenyewe. Akachuchumaa pale chini na suti yake.

"Ugonile, Gwakisa," akasema. Ndiyo salamu ya kwao.

Ndani ya kile kitambaa kulikuwa na minong'ono, wanaume wanapeana maji. Yote ikakatika. Halafu sauti ikatoka, nyembamba kuliko ninavyoikumbuka, ikimwita baba kwa lugha yao.

"Tata."

Na papo hapo msimamizi akagonga chuma kilichofungwa mbele ya jukwaa, mara tatu. Jukwaa zima likaruka juu kwa pamoja, mishumaa ikatetemeka, ngoma zikaanza, na ile miguu ikaondoka. Nilitaka kumshika yule msimamizi koti. Tumevuka dunia, siku nne, tumepata neno moja, na neno lenyewe limechukuliwa na ngoma. Baba hakukasirika. Alinyanyuka, akapangusa magoti, akaufuata upande uleule wa kitambaa, hatua kwa hatua, kwa zaidi ya saa tatu, mji mzima, kupanda na kushuka. Mimi nilifuata nyuma na vichana vya ndizi.

Mezani kwa Inés

Njia ya kurudi siiandiki, ilikuwa ileile kinyumenyume. Na ili msiendelee kuniuliza: hapana, Gwakisa hatukurudi naye. Nyumba yake, mke wake na kazi yake viko kule. Namalizia na meza.

Jioni ile, jua bado lipo, Inés alitupokea. Ni mwanamke mwembamba, ana haraka, Kiingereza chake ni kama changu, kwa hiyo tulielewana vizuri. Alikuwa amepika dengu na mchicha wa kwao na samaki mkavu, kwa kuwa Ijumaa Kuu hawali nyama, na vipande vya mkate vilivyolowekwa kwenye maziwa vikakaangwa. Baba aliuliza chakula chenyewe kinakuja saa ngapi. Nikamwambia ndicho hicho. Nikachemsha ndizi zetu.

Wakati zinachemka, Inés alinieleza kwamba Gwakisa aliomba kuingia kundi la wabebaji mwaka uleule wa msiba. Alikuwa hana karatasi za kuishi wakati ule, angetoka asingeweza kurudi tena. Alikwenda kwa msimamizi akasema si Mkatoliki, lakini anaomba kubeba. Msimamizi akamwuliza kwa nini. Akasema kuna jeneza ambalo hakulibeba.

Nilimwambia Inés asimwambie baba. Nikatafakari kidogo, nikamwambia mwenyewe, kwa Kiswahili, huku nimeshika mwiko. Baba alikuwa amekaa dirishani. Alisema, "Ena," ndiyo ya kwao, basi.

Gwakisa aliingia akiwa bado na kitambaa cha wabebaji kichwani, shingo imevimba, nyekundu hadi mabegani. Amekuwa mtu mzima, ana mvi. Akachuchumaa mbele ya baba yake kama wafanyavyo Suma, akabaki hapo ameinamisha kichwa. Baba akamwambia ainuke, ale kwanza.

Hakula. Alianza kueleza habari za karatasi, na simu ilivyomkuta shambani, na jinsi alivyokwenda hadi kituo cha basi na begi na kurudi. Baba akainua mkono.

"Sikuja kukuuliza," akasema. "Nimekuja kukusimulia. Habari ya kumzika mama yako siwezi kuisema kwenye simu."

Akamsimulia. Alianzia asubuhi, mama alivyoomba uji na kunywa vijiko viwili. Nani alikuwa wa kwanza kufika, nani alipeleka habari Lupepo, akina mama wa kule walivyokuja kwa miguu kwenye matope wakiimba. Wachimbaji walivyokutana na jiwe, wakabadilishana mara tatu. Ng'ombe yupi alichinjwa. Kitenge gani alifunikwa nacho, na kwamba alikuwa amekichagua mwenyewe. Nani alilia kweli na nani alilia kwa sababu watu wanamtazama. Gwakisa alimtafsiria Inés sentensi chache, kisha akashindwa, ikabidi nishike mimi, Kinyakyusa changu cha kuokoteza nakipeleka kwenye Kiingereza changu cha wodini. Chakula kikapoa. Ndizi zikakauka sufuriani, nikanusa zikiungua, na sikuweza kuinuka.

Giza liliingia baba akiwa bado kaburini. Gwakisa alikuwa anauliza maswali madogomadogo, kama mtu anayepapasa chumba kwa mikono. Kichwa cha jeneza alibeba nani? Kaka yako. Miguuni? Watoto wa baba yako mdogo. Mvua ilianza kabla au baada ya sala? Kabla.

Halafu akavua kile kitambaa cha kichwani. Akauliza, mkiwa mmesimama pale kaburini, watoto wa marehemu mstari wa mbele, mahali pake alisimama nani.

"Hakusimama mtu," baba akasema. "Alisimama kaka yako, halafu pakawa wazi, halafu binamu zako. Mchungaji aliwaambia wasogeleane, maana mvua ilikuwa kubwa na miavuli michache. Nikamwambia aache. Nikamwambia pale pana mtu."